Mkwe wa Saa Nne

Jumapili, saa nne asubuhi, Barnsley,
naegemeza simu kwenye kopo la sukari,
na kule Roi Et saa kumi jioni inaniingilia jikoni
na jogoo wake, na feni yake, na uso wa Bualai
ulio karibu mno na kioo, kama anayechungulia kisima.

Hatuna lugha.
Najua maneno yake manne,
na moja nalikosea sauti kila mara;
hucheka hadi ajifute macho kwa taulo la begani.
Miaka kumi na mmoja sijui ninasema nini.
Sitaki kujua.
Mimi ni Doreen, kwake ni Dolin,
na huyo Dolin nimemzoea: mcheshi kidogo kuliko mimi.

Basi tunaonyeshana vitu.
Mimi: kitunguu liki, udongo ungali mizizini.
Yeye: kinu, mchi, papai bichi,
pilipili anazozihesabu moja moja hadi kumi na tatu
huku akinikazia macho, aone kama nitashtuka.
Mimi: dirisha lililoganda sakitu.
Siku hiyo aligusa kioo cha simu yake,
nikaona kidole gumba, kipana, kina sugu,
kikiipima baridi yangu.

Siku ya harusi sikumpenda.
Naweza kusema sasa, Clifford hayupo wa kunikanyaga mguu chini ya meza.
Niliposikia habari ya mahari nilisimama uani kwao, viatu mkononi,
nikamwambia Kelvin: sikukulea uje huku kununua mtu.
Nilidhani Kiingereza changu hakina masikio pale.
Bualai hakuyapata maneno. Sauti aliipata.

Noti zilipangwa kwenye sinia mbele ya majirani,
zikahesabiwa kwa sauti, watu wakaguna kwa kuridhika.
Usiku, nikiwa ndani ya chandarua,
akaja kwa magoti, akanitilia bahasha mkobani:
noti zile zile,
ua la asumini limebanwa katikati.
Kisha akautafuta mkono wangu gizani, akaufunga uzi mweupe,
maana mchana, wengine walipofungwa, mimi nilikuwa nimeuficha.

Nilioshea vyombo uzi ule.
Nilimzika Clifford nikiwa nao, umeshakuwa rangi ya chai.
Ulikatika wenyewe mwezi wa tatu, kwenye foleni ya posta,
nikainama kuutafuta
na mtu wa nyuma yangu akauliza kama nimeangusha pete.

Watoto wetu wameachana, huu mwaka wa nne.
Orathai yuko Leeds, ana saluni na bwana Mreno.
Kelvin ana chumba juu ya duka la mazulia.
Nyumba imeuzwa. Mbwa huenda huku wiki moja, kule wiki moja,
na ndiye pekee anayeonekana kunenepa.
Kelvin alisimama hapo mlangoni, koti hajavua:
Mama, bado unaongea na yule? Mnaongea nini?
Nikamwambia, liki.

Ile talaka niliisoma yote, kurasa sita.
Mimi na Bualai hatumo.

Mwezi wa kumi, hapa kwetu, saa hurudishwa nyuma.
Kule hakuna anayezigusa.
Kwa hiyo kila mwaka kuna Jumapili moja
ambayo yeye huketi mbele ya simu saa nzima, peke yake,
nami huku nimelala, najiona nimepewa zawadi.
Miaka kumi sikulijua hilo. Nani angeniambia, na kwa lugha gani?
Orathai ndiye aliyenidokeza, tulipokutana kituo cha treni,
akiwa na haraka, bado ananiita Mama.

Mwaka huu nilipiga saa tatu,
gauni la kulalia, nywele hazijachanwa.
Alikuwa ameshaketi.
Papai magotini, halijamenywa.
Akageuka kuitazama saa ya ukutani, akanirudia mimi,
akaitazama tena saa,
akaipigapiga kwa mpini wa mchi
kama kitu kilichokuwa kikimdanganya.

Kisha akaanza: moja, mbili.
Nilihesabu naye.
Alipofika kumi na tatu hakusimama.