Zimebaki Saa Kumi na Nne

Ndivyo skrini inavyosema: zimebaki saa kumi na nne.
Kisha kumi na tisa. Kisha tisa.
Kisha inanyamaza kama karani aliyeulizwa mshahara.

Kompyuta hii si yetu. Ni mali ya kituo cha umeme,
na kesho saa mbili asubuhi Bwana Revazi atakuja kuichukua
pamoja na koti la mvua na funguo mbili.
Diski ni yangu, nimeinunua leo nyuma ya soko la Kutaisi,
nyeusi, nyembamba, haijajua vumbi.
Basi la Thesaloniki linaondoka saa nne. Dada yangu anangoja huko.

Kinachovuka ni mto.
Miaka tisa baba aliulinda Rioni usiku,
na kila saa ya zamu alikipiga picha kile kijiti cha kupimia maji,
mistari myekundu, namba nyeupe,
na kando ya kila picha akaweka kijifaili cha maneno.
Picha elfu kumi na tisa na ushei. Vijifaili vivyo hivyo.

Nikaanza na tundu. Nililochomeka lilikuwa jeusi, la kizamani,
la kipanya na kibodi. Nikahamia la buluu, upande wa pili,
lenye makombo ya mkate ndani. Nikayapuliza.
Kasi haikutikisika: megabaiti moja, na nukta, na aibu.

Nikatazama kebo. Ni yake, niliikuta mfukoni mwa begi,
imefungwa utepe shingoni kama mgonjwa wa koo.
Kwa nini nilitumia yake, na mpya imo kwenye boksi?
Usiniulize.
Nikaibadilisha. Kasi ikaruka hadi thelathini,
nikapiga kofi, mama akagutuka chumbani,
kisha ikashuka, ikashuka, ikakaa palepale pa mwanzo.

Saa sita usiku nikamwita Gocha wa ghorofa ya tatu.
Akaja na ndara na sahani ya maharage.
Akamzima mlinzi wa virusi, yule anayepekua kila faili
kama ofisa wa forodha aliyenyimwa chai.
Akaweka sikio juu ya diski. "Nzima hii. Haigongi."
Akala. Akatazama majina yakipita, moja, moja, moja.
"Nestani, tatizo si uzito. Tatizo ni hodi.
Kila kifaili kinabisha, kinaandikishwa jina, kinaonyeshwa kiti,
ndipo kiingie; na kilichoingia ni maneno manne."

Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo,
lakini aliyesema hivyo hakuwa na Revazi wa saa mbili.

Tukavitia vyote katika gunia moja, humohumo kwenye kompyuta,
bila kuzibana, maana picha zilishabanwa zamani.
Faili moja. Jina moja: RIONI.
Gunia likijazwa, nikafungua kijifaili kimoja,
eti kuhakikisha tu.

"Saa tisa. Maji mita mbili na kumi na nne. Nimekula boga."

"Saa kumi. Vilevile. Mbwa wa ng'ambo amerudi."

"Saa sita. Yamepanda kidole. Nestani ana mtihani kesho."

Mtihani upi? Nilifeli mingapi
bila kujua kwamba mto ulikuwa na habari zangu?

Gunia likavuka kwa dakika kumi na moja.
Kumi na moja! Sikuwa nimeumaliza hata mwezi Machi
wa mwaka mmoja. Nikaendelea kusoma.
Gocha alikuwa ameshaondoka, sahani kaisahau.

Dirisha lilipoanza kupauka nikashika kebo nichomoe,
nikaiachia. Nikaandika kijifaili kimoja zaidi:

"Saa kumi na moja na nusu. Mto sijaupima.
Kebo yako mbovu, baba. Nimebaki nayo."

Kikabisha hodi.
Taa ya diski ikapepesa mara moja, kikaingia.