Mashine Tatu na Ukuta Mmoja

Kavugho aliingia na mvua begani,
akaweka faranga mia tano juu ya mashine ya fotokopi
na kunitazama kama anavyotazama mizani ya muuza sambaza.
"Nasikia siku hizi kuna mashine nyingi za kutafuta.
Nitafutie kwa zote. Yenye macho ndiyo nitakayoilipia."

Anachotafuta ni ukuta.
Ukuta wa kinyozi, huku huku Birere,
ambapo baba yake alichora kichwa cha mwanamume,
nywele zimekatwa kwa mstari ulionyooka kama rula,
sikio la kushoto dogo kuliko la kulia
kwa kuwa rangi ya kahawia ilimwishia njiani.
Hiyo ilikuwa kabla ya Januari ile,
kabla mlima haujashuka mjini kwa miguu yake.

Nikafungua ya kwanza, hii tuliyoizoea,
ambayo watoto wamegeuza jina lake kuwa kitenzi.
Matokeo milioni mbili na ushee, kwa nusu sekunde.
Hoteli zinazotazama ziwa. Sokwe. Hoteli tena.
Rangi za nyumba, ndoo ya lita ishirini, mzigo unatoka Dubai.
Na juu kabisa, kwa adabu:
*Je, ulimaanisha ngoma?*
Hapana. Nilimaanisha Goma.
Nimekuwa nikimaanisha Goma tangu nizaliwe.

Ya pili ni mpya, mwanangu ndiye aliyeiweka.
Hiyo haileti orodha, inaongea.
Ikasema, bila hata kukohoa,
kwamba ukuta huo ni kazi ya msanii mashuhuri,
kwamba umehifadhiwa vizuri,
kwamba Jumapili kiingilio ni bure.
Kavugho alicheka mpaka akashika meza.

Si unawajua baadhi ya motari wa pale rompwe?
Hujamaliza kutaja unakokwenda, pikipiki inanguruma:
"Napajua, mama, panda!"
Anakupitisha Katindo, anakuteremsha Himbi,
anakurudisha kwa njia ya vumbi,
na haulizi mtu, maana kuuliza ni aibu.
Lakini nikiri: sauti yake ilikuwa tamu.
Kwa dakika nzima niliiona Jumapili hiyo,
foleni fupi, na Kavugho amevaa viatu vya kanisani.

Ya tatu inajisifu kwamba haimfuati mtu.
Uliyouliza jana haiyakumbuki, jina lako haliuzi.
"Kama padri," akasema Kavugho.
"Kama padri anayesinzia," nikamjibu,
kwa sababu ilizunguka, ikazunguka,
megabaiti zangu zikiyeyuka kama chumvi mvuani,
kisha ikatoa mistari minne tu.

Wa tatu ulikuwa picha.
Mgeni mwenye nyundo amesimama juu ya jiwe jeusi, anatabasamu.
Nyuma yake, kwenye kona, kipande cha ukuta
kimechomoza kwenye lava, urefu wa goti.
"Kuza," akasema.
Nikakuza.
"Kuza tena."
Picha ikavunjika ikawa vijisanduku,
vyeusi, vya kijivu, na vitatu, labda vinne, vya kahawia.
"Hapo," akaweka kidole kwenye kioo. "Sikio."

Mimi niliona vijisanduku.
Sikusema.
Nilifikiria kumwambia kwamba lava ilifunika kuta nyingi,
na kinyozi yeyote angeweza kuwa na kahawia.
Badala yake nikamwambia bei ya kuchapisha kwa rangi.
Akahesabu noti moja moja, zile laini kama kitambaa,
wala hakuuliza tena ni mashine ipi inayolipwa.

Printa yangu ni ya zamani, inaanzia kulia.
Ilimtoa mgeni, ikatoa nyundo, ikatoa jiwe.
Ilipokaribia ukingo wa kushoto
wino wa rangi ukaisha.
Nikanyoosha mkono niikatize karatasi, nimrudishie pesa.

Kavugho akanishika kiwiko.
"Iache," akasema. "Ndivyo lilivyokuwa."