Pointi Kumi na Moja

Matokeo hayana jina. Yana namba.
Yako ilikuwa sifuri sifuri thelathini na saba,
nami nimekaa juu ya gunia, ghalani Kitangari,
natelezesha kidole kwenye kioo kilichopasuka,
mtandao unakuja, unakata,
kama mgonjwa anayetafuta pumzi.

Somoe, mdogo wangu,
mwaka ule nilipotafuta namba yangu
kioo kilikuwa kizima,
kilichopasuka ni mimi.
Sikumwambia mtu. Nilikwenda kukaa ukingoni, Shimo la Mungu,
mpaka ukungu ukafunika bonde lote,
nikarudi, nikabeba pampu ya kupulizia mikorosho,
na tangu siku hiyo nanuka salfa hata Sikukuu.

Kwa hiyo kufundisha sikujua. Nilijua kushika taa.
Wewe unajibu, mimi nimeshika karatasi ya majibu:
kazi tatu za figo.
Ulitaja mbili, ukakwama, ukauma kucha,
nami kimya. Ukadhani nakupa nafasi ya kufikiri.
Wala. Neno lenyewe la Kiingereza
lilinikaa kooni kama mwiba wa dagaa.

Bombani, Agosti, ndoo arobaini mbele yako.
Ndoo ikisogea, unafunua ukurasa.
Kina mama wakasema,
binti Likapa anasoma kama anayedaiwa.

Halafu Novemba, na mambo yake mawili:
mtihani, na korosho kudondoka.
Kila nyumba inahesabu mikono.
Baba mdogo Chilemba akaja na kikapu chake na hoja yake,
kwamba shule haina miguu, haitakimbia.
Mama akakaza kanga kiunoni:
“Korosho itaokotwa hata kesho.
Mtihani hauokotwi.”
Akainama, akaokota fungu lake na fungu lako,
na mpaka mnada wa nne
alikuwa akisimama kwa awamu,
magoti kwanza, kiuno baadaye.

Lakini mimi nilikuona.
Alfajiri ya Hisabati, kabla ya sare,
ulikuwa chini ya mkorosho wa mpakani, unachuma kwa siri,
ukaingia chumba cha mtihani na utomvu wa bibo kiganjani,
doa lisilosikia sabuni.
Naamini lipo mpaka leo
pembeni ya hesabu fulani ya pembetatu,
dole gumba zima, na msahihishaji
akafikiri ni uchafu tu.

Kiswahili A. Baiolojia A. Jiografia A.
Hisabati B. Nikaurudia mstari huo kwa kucha: B.
Kemia, Historia, Kiingereza, B, B, B.
Fizikia C, hiyo hata kwenye hesabu haikuingia.
Pointi kumi na moja. Daraja la kwanza.
Karani wa chama akaacha mizani,
akaniuliza, nani kafa?
Ndipo nikajua nalia.

Nilipanda kilima kile kwa miguu, nauli nimenunulia soda,
soda ikachemka njiani ikawa kama chai.
Nikakukuta palepale bombani, foleni ileile.
Nikakutajia yote, na wewe,
badala ya kuruka kama watoto wa watu,
ukauliza: “Fizikia je?”

Nikacheka mpaka nikashika ndoo ya mtu.
Halafu sijui nini kilinipata.
Mbele ya kina mama wote wale
nikakutajia kazi ya tatu ya figo,
kurekebisha shinikizo la damu,
kisha nikairudia kwa Kiingereza, neno kwa neno,
wala hakuna lililokwama.

Ukanitazama.
Maji yakajaa ndoo, yakamwagika,
na kwa mara ya kwanza Newala nzima
hakuna aliyekimbilia kufunga bomba.

“Fomu za watahiniwa wa kujitegemea,” ukasema,
“zinatoka lini?”