Hesabu ya Kichala

Kilo moja ya nyanya ndogo ni nyanya themanini.
Nimezihesabu mwenyewe, usiku, jikoni, Maji ya Chai,
kwa tochi ya simu, zikibingirika kwenye sinia.
Themanini: yaani mkono umekwenda mara themanini
na kurudi mara themanini,
halafu mtu wa hoteli anauliza kama siwezi kupunguza.

Nyanya kubwa ina huruma. Ukichuma saba umemaliza.
Hizi zataka kubembelezwa moja moja,
na kikonyo kibaki,
la sivyo mnunuzi anakunja uso kama aliyeona nzi kwenye chai.

Mbolea, dawa, kamba, zamu ya mfereji: vyote nusu ukurasa.
Vibarua, ukurasa na nusu.
Nikatandaza mabua ya mahindi, palizi ikakata roho.
Nikalaza mipira ya matone, madebe yakalala kifudifudi.
Vikabaki vidole.
Vidole havina njia ya mkato, nikasema.

"Ipo," akasema Ndeanasia
bila kuinua kichwa,
ndoo kaifunga kiunoni kwa kanga kuukuu
(wenzake bado wanainama kwa kila konzi).
"Kata kichala kizima. Mkasi mara moja, nyanya kumi na mbili.
Wauzie na tawi lake."

Tukajaribu Jumanne. Za juu zimepasuka, za chini kijani kibichi;
kichala ni kama ukoo, hakiivi siku moja.
Tukabadili mbegu. Tukangoja miezi mitatu.
Sasa vinaiva kwa pamoja kama watoto wa kipaimara,
na saa nne asubuhi kreti zimejaa,
kazi ya watu wanne wameimaliza wawili.

Wawili.

Jioni nimeshika kalamu juu ya majina.
Ndeanasia ana miaka hamsini na minane, goti moja halikunjiki.
Kwa daftari, wa kwanza kuondoka ni yeye.
Daftari halijui nani alilifundisha hesabu.

Ameketi juu ya ndoo aliyoigeuza, anafuta mkasi kwa jani,
vidole vimeganda ule weusi wa kijani
ambao sabuni ya mche imeushindwa.
"Kesho tuanze saa ngapi?"

Tuanze, amesema.

Nikamjibu saa kumi na mbili.
Nikafungua ukurasa wa usafiri,
nikaanza kutafuta huko.