Sapatu ya Njano

Tulitoka mahakamani saa sita kasorobo,
mimi na Radovan, talaka ingali mbichi kwenye bahasha,
wino wa muhuri umenichafua kidole gumba,
tukakuta gari limevishwa kiatu.

Hapa Košice watu wanakiita kidude hiki sapatu,
kana kwamba gari limerudi nyumbani hoi,
limevua vya njiani, limevaa cha ndani.
Chuma cha njano. Kufuli kama ngumi ya mtoto.
Mguu mmoja tu, wa mbele, upande wa dereva;
lakini mmoja ukishikwa, mitatu iende wapi?

Chini ya waipa, karatasi:
tiketi yako iliisha saa tano na dakika tano.
Saa tano na dakika tano hakimu alikuwa anauliza
nani atabaki na mashine ya kufulia.

Radovan akacheka. Nikamwambia usicheke.
Akalipiga gurudumu teke, teke la mtu anayejua
kwamba gurudumu halina kosa na kidole ni chake.
"Nilikwambia weka sarafu za saa mbili."
"Ulisema itachukua nusu saa."
"Wakili ndiye aliyesema nusu saa."
Miaka kumi na tisa tumemsingizia mtu wa tatu.

Nikapiga namba ya kwenye karatasi.
Muziki. Muziki tena. Kisha sauti ya kijana:
"Subirini. Kuna sapatu kumi na moja mbele yenu."

Nyuzi nne chini ya sifuri.
Theluji ya juzi imekuwa sukari guru kando ya barabara.
Tramu ikaja, ikafungua milango, ikamngoja, ikafunga.
Hakupanda. Wala mimi sikumwambia panda.
Nikaingia kushoto, yeye kulia,
tukaketi kama siku ile ya kumzika mama yake,
kama siku ile ya kumpeleka Zorka chuoni
na sanduku lake lililofungwa kwa mshipi wa baba.

Nikawasha injini tupate joto.
Gari likanguruma palepale.
"Hivi ndivyo tulivyokuwa tangu mwaka juzi," nikasema.
Hakujibu. Alikuwa anachakura kisanduku cha dashibodi,
anatafuta tambara la kufutia kioo,
akatoa glovu yangu ya kijivu, moja,
ile niliyomgombeza wiki nzima kwamba ameipoteza.
Akaiweka pajani pangu.
Sikuomba radhi. Niliivaa.

Mfukoni alikuwa na mkate wa mbegu za popi
alioununua alfajiri akashindwa kuula.
Akaukata vibaya, kama kawaida yake,
akatazama kipande kikubwa, akatazama kidogo,
akabadilisha mikono.

Karibu saa nane akaja mwenye ufunguo,
jina limeshonwa kifuani: Kvetoslav. Ana mafua.
"Nani mwenye gari?"
"Mimi," tukasema.
Kisha kimya. Jibu lilikuwa ukurasa wa tatu, ndani ya bahasha,
na sote wawili tulikuwa tumeutia sahihi.
"Euro sitini na tano."
Radovan akatoa thelathini, mimi thelathini na tano.
Hii hakimu hakuigawa.

Kvetoslav akapiga magoti kwenye sukari guru.
Ufunguo ukagoma. Akapuliza tundu, akapiga chafya, akatukana.
"Mna chochote cha moto?"
Nikampa chupa ya chai, akaimimina yote,
chai niliyoipika kwa ajili ya kurudi peke yangu.
Mvuke ukapanda. Kufuli likasema *ka*.
Akaitwika sapatu begani kama mtu anayebeba mguu wa ng'ombe,
akasema, "Haya, safari njema,
na mwakani wekeni sarafu za kutosha."
Mwakani. Wekeni.

Radovan aliomba nimshushe kituo cha tramu.
Nikamshusha, cha kwanza, si cha pili.
Alifunga mlango kwa upole, yeye ambaye siku zote anaubamiza,
kwa hiyo haukujifunga.

Barabara ya kupanda kwangu ilikuwa tupu.
Gari likawa jepesi mno.
Mara mbili nilisimama, nikashuka,
nikalitazama gurudumu.