Nitueni

Redio ya kinyozi inasema
wakulima wa Mtama wamepagawa:
korosho imepanda mnadani.
Juzi walipagawa mashabiki wa mpira,
kabla yao bwana harusi, kwa shela tu.
Neno limekuwa jepesi,
ganda lililokwisha banguliwa,
upepo wa stendi unalisukuma.

Jana darasani Mfaume alinyoosha mkono:
"Mwalimu, pagawa ni kauli gani?"
Nikaandika ubaoni: kutendwa.
Mzizi wake pagaa, kubeba mzigo begani.
Ndugu yake mpagazi.
"Sasa hapo nani anambeba nani?"
Kengele ikaniokoa.

Sikumwambia habari za shangazi Somoe.
Kwetu Nyangao neno lenyewe hatukulitamka.
Tulisema ana wageni.
Tulisema kapanda.
Yeye tulimwita kiti,
na kiti hakiulizwi nani akikalie.

Usiku ule fundi, Binti Nannonda,
alikwisha tandika kitambaa chekundu na cheupe,
yai, marashi, ubani kwenye kigae.
Ngoma zilikuwa zimeota moto mara mbili.
Shangazi akainuka.
Shingo ikamzama mabegani,
akauzunguka uwanja polepole, magoti yakitetema,
mkono mmoja juu, umeshikilia kichwani
kitu ambacho hatukukiona.

"Taja jina."
Kimya.
"Wataka nini? Pete? Nguo? Damu ya kuku?"
Ikatoka sauti ya kiume, kavu,
Kimwera cha watu waliokwisha:
"Nitueni."

Fundi akatazama sahani yake.
Hakuna dawa ya hilo.

Bibi ndiye aliyeelewa.
Baba yake walimkuta shambani, vita vya Mjerumani,
wakamfunga shingoni kibati chenye namba,
wakamtwika sanduku la risasi,
na njia ya kuelekea Lukuledi ikammeza
na namba yake.
Mama wa bibi aliendelea kumpakulia ugali
mpaka sahani ikapasuka.

Bibi akasogea, akanyoosha mikono miwili,
akapokea hewa,
nayo ikamwelemea.
Nilikuwa na miaka tisa, niliona:
nyayo zake zilizama mchangani.
Akaitua taratibu, kando ya kinu,
kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.
"Keti sasa, baba. Umefika."

Shangazi alipanda tena, miaka mingi,
wageni wengine, wa pete na marashi.
Yule hakurudi.
Ila mahali pale kando ya kinu
bibi hakufagia tena,
akifika hapo anauzungusha ufagio.

Mfaume, sijui nani anambeba nani.
Kamusi yangu imeandika maana mbili
na kuzitenga kwa nukta moja ndogo.

Kinyozi anaongeza sauti: wamepagawa, wamepagawa!
Wembe wake umetua shingoni kwangu,
palepale kibati kilipofungwa.
Ananiuliza mbona nimeinama.