Sababu: Saa

Kompyuta ya maabara, zahanati ya Ngamiani,
iligoma tangu umeme ulipokatika Ijumaa.
Ya mapokezi inapita. Ya dirisha la dawa inapita.
Hii tu, kila ikipiga hodi Dodoma
inaitikiwa karibu, kisha inakimbia mlangoni.

Nilifika na mkoba, na kiburi cha mtu aliyelipiwa nauli.
Nikaanza na ukuta wa moto:
mlango mia nne arobaini na tatu u wazi.
Nikaita seva kwa jina, ikajibu kwa namba yake.
Nikauliza, mnasema lahaja gani,
moja nukta mbili au moja nukta tatu?
Zote, chagua.
Basi njia ipo, lugha ipo,
na bado hawaelewani.

Bi Mwantumu Singano alikuwa akipanga chupa za damu kwenye friji.
"Hao wawili wanagombania nini?"
Hawagombani, nikasema. Ni kama posa.
Mgeni hakalishwi mkekani kabla ya kuulizwa
u mtoto wa nani, na aliyekuleta anajulikana na nani.
Seva hutoa cheti. Cheti kina sahihi ya mdhamini,
mdhamini naye ana wake,
hadi kwa mmoja ambaye mashine ilizaliwa ikimjua.
Ndipo hunong'onezana siri.
"Na mshenga hakuja?"
Hilo nalo nililishuku. Nikahesabu vyeti kimoja kimoja:
vitatu, vimefuatana, hakuna pengo.

Saa nne usiku. Mbu wa Ngamiani hawana adabu.
Nikampigia Kihiyo, mlinzi wa seva huko Dodoma,
nikamtupia maneno:
mmebadilisha kitu, mmebadilisha na hamsemi.
Akanyamaza. Akasema, "Soma kosa lote, Mhando.
Usisome nusu."

Nusu ya pili ilikuwa chini, kwa herufi ndogo:
cheti hiki bado hakijaanza kutumika.

Hakijaanza?
Vyeti vilivyopitwa na tarehe nimevizika vingi,
waja leo waondoka leo, ndiyo desturi yao.
Lakini ambacho hakijazaliwa?
Nikatupa jicho pembeni ya skrini, chini kulia,
pale pasipotazamwa siku hizi kwa kuwa kila mtu ana simu:
tarehe mosi Januari, elfu mbili na tisa,
saa tisa kasorobo usiku.

Betri ya ndani, duara kama sarafu ya mia mbili, ilishakufa.
Umeme ulipokatika mashine ikasahau umri wake,
ikarudi siku iliyoambiwa kiwandani kuwa ndiyo ya kwanza.
Seva inaleta cheti cha mwaka huu,
nayo, kwa haki kabisa,
inamkataa mgeni anayedai ameandikwa kesho.

"Humo ndani ni mwaka gani?" akauliza Bi Mwantumu.
Nikamwambia.
Akasukuma mlango wa friji kwa nyonga.
"Basi humo nyumba ya mama, Barabara ya Kumi na Mbili,
haijauzwa bado."
Sikuwa na la kujibu. Mkobani mwangu hamna kifaa hicho.
"Weka saa, mwanangu. Watu wanangoja majibu."

Maduka yamefungwa. Nikachomoa betri
ya mzani mbovu wa kliniki ya watoto.
Nikaweka mwaka. Nikaweka mwezi. Kwenye saa nikasita:
mashine huanza kuhesabu usiku wa saa sita, sisi macheo,
na usingizi ulishaanza kunihesabia kivyake.

Hodi. Karibu. Cheti. Mdhamini. Wa juu yake. Siri.
Kufuli dogo la kijivu likajifunga,
na majibu arobaini na moja yakaondoka moja moja:
malaria, kichocho, sukari,
mimba ya mtu ambaye bado hajui.

Asubuhi Dodoma wakataka ripoti,
dalili, hatua, sababu, kurasa mbili angalau.
Nilimwomba Kihiyo radhi kwanza.
Kisha penye sababu nikaandika: saa.
Wakairudisha.
"Fafanua."